Barua ya wazi kwa College Board: tiki zote zimejaa

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa College Board,
New York, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KULINGANISHA SAYANSI KWENYE KARATASI



Taasisi iliyoanzishwa mwaka 1900, ikakabidhiwa mwaka 1955 kozi za AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, haina haja ya kufundishwa subira. Mwaka 2002 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu masomo ya juu ya sayansi na hisabati katika sekondari, likalalamika kwamba wanafunzi wanakimbizwa kwenye mada nyingi bila kuzielewa kwa kina. Wengine wangepandwa na presha. Ninyi mlikaa, mkatafakari, na baada ya miaka 10 hivi biolojia mpya ikaingia madarasani mwaka 2012, kemia ikafuata 2013, na mwaka 2014 Fizikia B ikastaafishwa, nafasi yake ikachukuliwa na Fizikia 1 na Fizikia 2.

Mkiwa bado mnapanga viti, Aprili 2013 kikaingia kitabu kingine: Viwango vya Sayansi vya Kizazi Kijacho, ambavyo walimu huviita NGSS, vilivyoandaliwa huku majimbo 26 yakiwa mstari wa mbele. Viwango hivyo vinataka kila mwanafunzi, si yule wa AP peke yake, aifanye sayansi kwa mikono yake: aulize swali, apange uchunguzi, aunde kielelezo, atetee hoja kwa ushahidi. Kila lengo lina namba yake. HS-LS1-7, kwa mfano, mgeni angeidhani namba ya gari la mradi wa wafadhili.

Hapo ndipo mwalimu alipopata mabwana wawili. Yule wa California, jimbo lililopitisha NGSS mwaka huohuo wa 2013, aghalabu hukabidhiwa jedwali: safu moja mada zenu, safu ya pili namba za jimbo, na katikati nafasi ya tiki. Tiki zikijaa, somo limelinganishwa. Mwenzake wa Texas, jimbo ambalo halikuipokea NGSS na lina viwango vyake, anajaza jedwali jingine kabisa, kisha wanafunzi wa wote wawili wanafanya mtihani uleule mwezi Mei.

Hesabu zenyewe zinasisimua. NGSS inataja stadi 8 za kisayansi na kihandisi. Biolojia yenu ina 6. Fizikia, tangu marekebisho ya mwaka 2024, imebakiwa na 3. Mtoto wa darasa la nne angesema 8, 6 na 3 si kitu kimoja, lakini huyo bado hajasoma ulinganishaji.

Haki yenu mpewe. Kuna mahali ambapo pande mbili zilikutana kweli. Wazazi wengi wanakumbuka walivyokariri hatua za upumuaji wa seli, kimeng'enya kwa kimeng'enya, wakazisahau siku ya pili yake. NGSS imesema hatua hizo zisitahiniwe, nanyi mkasema majina ya vimeng'enya na hatua moja moja hayamo katika mtihani wa biolojia. Tena NGSS inapoishia kupima kanuni ya pili ya Newton kwenye mwendo wa mstari mmoja, ninyi mnampeleka mwanafunzi hadi kwenye mpira uliorushwa hewani. Kozi ya juu inastahili kwenda mbele zaidi, na hilo hakuna anayeligombania.

Aliyeachwa njiani ni dunia. NGSS imeipa sayansi ya dunia na anga nafasi yake kamili, sambamba na elimu ya viumbe na ile ya maada. Kwenu, kijana anaweza kupata 5, alama ya juu kabisa, katika biolojia, kemia na fizikia bila hata mara moja kuulizwa mabamba ya ardhi yanasogeaje. Sayari nzima imebebeshwa kozi ya Sayansi ya Mazingira. Nyota zimebaki hukohuko juu.

Tuje maabara. Mwongozo wenu unaagiza robo ya muda wa masomo ya biolojia, kemia na fizikia itumike kwa majaribio. Agizo zuri mno. Kisha unafika Mei, mwanafunzi anaketi kwa muda wa saa tatu hivi mbele ya maswali, na tangu 2025 maswali hayo yako kwenye skrini. Anaombwa aeleze jaribio ambalo angelifanya. Kifaa hakigusi.

Mzazi aliyefanya KCSE nchini Kenya au kidato cha sita Tanzania akisikia hivyo anauliza: praktikali ilikuwa lini? Yeye anaikumbuka karatasi ya tatu ya kemia, pipeti mdomoni kinyume cha amri ya mwalimu, macho kwenye bureti, akisubiri tone moja ligeuze rangi. Ni kweli shule nyingi huko hazina vifaa vya kutosha, na ni kweli wapo waliopika data. Lakini hata wao walizipika wakiwa ndani ya maabara.

Ingekuwa rahisi kuwasamehe kama kazi ya mikono isingeweza kupewa alama. Bahati mbaya ninyi wenyewe mmeshathibitisha kwamba inawezekana. Katika kozi yenu ya Misingi ya Sayansi ya Kompyuta, mwanafunzi hutengeneza programu yake na kuiwasilisha, nayo, pamoja na maelezo anayoyaandika kuihusu, inachangia asilimia 30 ya alama. Mchoraji wa AP hafanyi mtihani wa kukaa kabisa: huleta mkusanyo wa kazi zake, ukahukumiwa. Kwa hiyo rangi juu ya turubai ni ushahidi, na rangi ndani ya chupa ya titresheni si ushahidi.

Maombi ni mawili tu. La kwanza, ripoti moja ya maabara, iliyopangwa na kufanywa na mwanafunzi mwenyewe, ihesabiwe katika alama ya kemia, biolojia na fizikia. La pili, chapisheni orodha fupi ya stadi zile 8 za NGSS, mkionyesha kila moja inapimwa na swali gani, na ipi haipimwi popote. Ikiwa maombi haya ni mazito, basi ile robo ya muda wa maabara ihamishiwe rasmi kwenye kujaza majedwali, ili mwalimu angalau alipwe kwa kazi anayoifanya usiku. Ada ya mtihani, karibu dola 100 kwa somo, inatosha kununua kalamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi mwenye mtoto wa AP Kemia

Nakala: Idara za elimu za majimbo yote 50, kila moja kwa namba zake.