Ukimwona Binti Upepo, Kaa Chonjo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamume mmoja tu. Ana miaka ishirini na kitu au thelathini na ushei, ana kazi ya maana asiyoipenda, amefiwa na mzazi juzijuzi, na yumo ndani ya filamu ya Kimarekani bila kujua. Kama huna hakika kuwa ni wewe, jikague. Ukitazama nje dirishani, gitaa huanza kulia lenyewe? Unakaa kwenye nyumba nzuri ambayo mwenye nyumba hajawahi kukugongea mlango? Una majonzi makubwa, lakini nywele zimekaa sawa? Ukiitikia mawili kati ya hayo matatu, soma haraka. Binti Upepo ameshatoka kwao, anakuja.

Tumemwita hivyo kwa urahisi. Mhakiki wa filamu Nathan Rabin alimpa jina lake refu la Kiingereza Januari 2007, alipoitazama *Elizabethtown*, filamu ya Cameron Crowe ya 2005. Alichokisema, kwa ufupi, ni kwamba huyu msichana mchangamfu kupita kiasi hapatikani popote ila kichwani mwa waandishi wa filamu wenye mioyo laini, na kazi aliyopewa ni kumfundisha kijana mnyonge kuyapenda maisha. Jina lilisambaa hadi likamchosha aliyelitunga, na mwaka 2014 akaomba radhi hadharani kwa kulileta duniani. Binti hakusikia. Alikuwa barabarani, na gari halikuwa lake.

Mahali anapopatikana

Usimtafute harusini, wala usimtumie mshenga. Binti Upepo huibuka palipo na kiti cha kusubiria. Katika *Elizabethtown*, Drew Baylor, mbunifu wa viatu aliyeitia kampuni yake hasara ya karibu dola bilioni moja, anapanda ndege iliyo karibu tupu kwenda Kentucky, ambako baba yake amefariki. Mhudumu wa ndege, Claire, anamhamishia daraja la kwanza, anakaa jirani, na maongezi hayaishi tena. Katika *Garden State* (2004), Andrew Largeman amerudi New Jersey kumzika mama yake, na anamkuta Sam kwenye chumba cha kumsubiri daktari wa mishipa ya fahamu. Katika *Sweet November* (2001), Nelson, bwana wa matangazo ya biashara, anamkuta Sara kwenye chumba cha mtihani wa leseni ya udereva.

Funzo ni wazi. Mwanamume mwenye majonzi asikae kwenye foleni yoyote. Amtume mtu.

Dalili

Atakusemesha yeye kwanza. Hataanza kwa kuuliza unafanya kazi gani, maana utamrudishia swali. Huenda akakuvisha hedifoni na kukuhakikishia kuwa wimbo utakaousikia utayageuza maisha yako. Ndivyo Sam alivyomfanyia Largeman kwa wimbo wa bendi ya The Shins, kisha akakaa akimkodolea macho, akingoja yageuke.

Atafanya kioja mahali pasipo pake. Sam alitoa mlio usio na maana na kurusha viungo, apate kufanya jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya pale aliposimama. Mtu mwingine angesogea pembeni. Wewe utatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hapo ujue umeshaambukizwa.

Dalili ndogondogo: nywele zenye rangi isiyopatikana kwa wazazi wake, mnyama wa kufugwa aliyekufa au anayekaribia kufa, simu ya usiku kucha ambayo haimalizi salio wala haimfanyi achelewe kazini. Mvua ikinyesha hatakimbilia barazani, na kesho yake hatapiga chafya.

Vitu asivyokuwa navyo

Kabla hujazama, mfanyie ukaguzi. Muulize mshahara unaingia tarehe ngapi. Muulize anadaiwa na nani. Muulize wajomba wako wapi, maana siku ya barua ya posa lazima apatikane wa kuipokea. Utashangaa jinsi majibu yanavyokuwa machache.

Mchukue Claire. Ni mhudumu wa ndege, mtu wa zamu. Siku chache tu baada ya kufahamiana, anamkabidhi Drew kitabu cha safari alichokitengeneza kwa mikono yake: ramani zilizobandikwa, picha, maelezo ya wapi asimame na nini akitazame, pamoja na rundo la CD zilizopangwa ili kila wimbo uangukie kipande chake cha barabara. Drew anaendesha, anamwaga majivu ya baba yake njiani, analia, anapona. Hebu itazame kazi ile kwa jicho la fundi. Kuchagua nyimbo, kuzirekodi, kupima umbali, kukata karatasi, kubandika, kuandika kwa mkono: ilichukua mikesha mingapi? Ruhusa aliomba kwa nani? Na wiki hiyo yeye mwenyewe alikuwa na shida gani? Filamu haijibu kwa sababu haikumuuliza. Tunaambiwa tu kwamba ana mchumba aitwaye Ben, na huyo Ben hatumwoni hata mara moja.

Hapa ndipo mwongozo huu unapotofautiana na mingine. Binti anayesifiwa kwa uhuru wake ndiye anayetumikishwa kuliko wote ndani ya filamu. Anaingia zamu usiku wa manane, halipwi, hana likizo, na mgonjwa akishapona, mkataba umekwisha. Uhuru wake, ukiuchunguza, ni kutokuwa na pa kwenda zaidi ya kwako.

Hakuanza hivyo. Katika *Bringing Up Baby* ya 1938, Katharine Hepburn ni Susan, ambaye anapiga mpira wa gofu usio wake, anaondoka na gari lisilo lake, anamburura mtaalamu wa mifupa ya kale, David Huxley, kumhudumia chui aitwaye Baby, na mwishowe anaporomosha mifupa ya dinosaria ambayo maskini David aliiunganisha kwa miaka minne. Msumbufu wa kupigiwa mfano! Lakini Susan ana shangazi mwenye fedha na shamba Connecticut, na zaidi ya yote ana haja yake. Anamtaka David, na vurugu zote zile ni mbinu za kumzuia asiende kuoa kwingine. Hamtibu mtu. Kati ya 1938 na 2005, watengeneza filamu walimnyang'anya shangazi, wakamnyang'anya haja, wakamwachia kicheko.

Maelekezo ya matumizi

Dozi ni moja. Tiba huchukua siku chache hadi mwezi. *Sweet November* imeweka utaratibu wazi kabisa: Sara humchukua mwanamume mmoja kila mwezi, humkalisha kwake, humwondolea simu na pupa ya kazi, kisha humwachilia akiwa mtu. Katikati tunagundua kwamba Sara ana saratani na hana muda mrefu. Mgonjwa mahututi anawahudumia wazima kwa zamu, na hakuna ndani ya filamu anayesema kwamba foleni imepangwa kinyume. Hiyo ni marudio ya filamu ya 1968, maana yake watengeneza filamu walipata miaka 33 ya kulitafakari jambo hili, wakaona liko sawa.

Kuhusu *Garden State*, ni vyema ujue nani aliandika dawa. Zach Braff aliandika hadithi, akaiongoza, na akaigiza mgonjwa. Yaani alijiandikia cheti, akajifungulia duka la dawa, akanywa mwenyewe. Sam naye ana kifafa, ugonjwa wa kweli unaohitaji daktari wa kweli, lakini majonzi yanayoiendesha filamu kuanzia mwanzo hadi uwanja wa ndege ni ya Largeman.

Madhara yake: mgonjwa akipona hupata imani kwamba amependwa, kumbe amehudumiwa.

Aina zinazotoka mashariki

Msomaji wa pwani, aliyelelewa na sinema za Kihindi, atauliza kuhusu Geet wa *Jab We Met*, filamu ya Imtiaz Ali ya 2007. Dalili zote anazo. Aditya, tajiri aliyefiwa na baba na kuachwa na mpenzi, anapanda treni bila kujua iendako, na ndani yake anamkuta Geet asiyefunga mdomo. Lakini usimkimbie upesi. Geet ana babu, ana nyumba iliyojaa ndugu Bhatinda, na ana safari yake: anataka kutoroka kwenda kuolewa na Anshuman. Anshuman anamkana. Miezi inapita, na Geet tunamkuta Shimla, amenyamaza, kicheko kimekauka. Sasa ni zamu ya Aditya kumfuata na kumwinua. Deni limelipwa, na kwa riba. Filamu hiyo iligundua kwamba mtu anayewachangamsha wengine naye anaweza kuchoka, ugunduzi ambao huko Hollywood ulikuwa bado unasubiriwa.

Wakorea nao wana *My Sassy Girl* ya 2001, ambamo binti mlevi anamwangukia kijana Gyeon-woo kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, na baadaye anamlazimisha wabadilishane viatu, kijana atembee na visigino virefu. Hata jina hatulisikii. Lakini polepole inafunuka kwamba amefiwa na mpenzi, na ukali wote ule ni msiba wake unaotafuta pa kutokea. Kwa hiyo kanuni ni hii: ukimkuta ana huzuni yake mwenyewe, si Binti Upepo. Ni mtu. Mpishe, au mkaribishe, lakini usimgeuze dawa.

Akigoma kazi

Kuna nyakati Binti hukataa zamu, na hili huwashtua wanaume kuliko chui. Katika *Eternal Sunshine of the Spotless Mind* (2004), Clementine ana nywele za buluu, za chungwa, za kijani, kila kitu kulingana na orodha ya dalili. Anafanya kazi kwenye duka la vitabu, na pale pale kazini anamtahadharisha mapema Joel, mwanamume aliyemtamani: wanaume wengi humdhania kuwa wazo, au kwamba atawafufua, ilhali yeye ni msichana aliyevurugikiwa anayetafuta utulivu wake. Joel anasikia yote, wala hayamwingii. Ndiyo maana baadaye wanalipia kampuni iwafute kumbukumbu.

Summer wa *(500) Days of Summer* (2009) naye anamwambia Tom, kijana anayempenda, tangu mwanzo kwamba hataki uhusiano mzito. Hakuna mahali anapodanganya. Tazama tafrija ya kwenye paa: skrini inagawanywa mara mbili, upande mmoja ni yale Tom aliyoyatarajia, wa pili ni yale yanayotokea. Upande wa kwanza anakumbatiwa. Wa pili anapewa adabu za mgeni wa kawaida, hadi anaiona pete ya uchumba kidoleni mwa Summer na kutimka ngazi mbio. Watazamaji wengi walitoka wakimlaani Summer. Aliyekuwa ameshaliona jambo mapema ni mdogo wake Tom, binti wa shule, aliyemwonya kwamba msichana kupenda vitu vya ajabu unavyovipenda wewe hakumfanyi awe wako. Ukiwa na mdogo wa namna hiyo, mwongozo huu huuhitaji.

Lakini aliyeufungua mtambo tukaona ndani ni Zoe Kazan, aliyeandika *Ruby Sparks* (2012) na kuigiza Ruby mwenyewe. Calvin, mtunzi aliyekwama, anamwandika msichana wa ndotoni, na siku moja anamkuta jikoni kwake, hai. Mambo ni matamu hadi Ruby anapopata masomo na marafiki. Calvin anarudi kwenye taipureta. Anaandika kwamba Ruby hana raha bila yeye, na Ruby anamganda hata pumzi hapati. Anaandika kwamba Ruby amejaa furaha daima, na Ruby anachangamka hadi inatisha. Mwisho, kwa hasira, anachapa kwamba Ruby azungumze Kifaransa, atambae sakafuni, abweke. Ni Binti Upepo yule yule wa filamu zote tulizozitaja, safari hii mkono unaoandika ukiwa umeachwa ndani ya picha.

Neno kwa dada aliyejikuta zamu

Mwongozo ulikuwa wa wanaume, lakini aliye hatarini tumeshamjua. Dada, ukiona mtu anakwambia, mkiwa mmekutana mara ya pili tu, kwamba umemrudishia uhai, hesabu vizuri. Anaijua bendi unayoipenda. Jina la kaka yako analijua? Anauliza nini kinakufanya uwe na furaha hivi. Ameshawahi kuuliza nini kinakunyima usingizi? Mwambie kodi imepanda, mama anaumwa mgongo, na kesho unaamka saa kumi na moja. Akiuliza mgongo umeanza lini, mwekee maji ya chai.

Na akikutazama machoni akasema hufanani na wanawake wengine, usishukuru kwanza. Muulize hao wengine ni akina nani, na walimhudumia kwa muda gani.