Paka Kapinduka

Jamani, huu mdomo wangu utaniua. Mwalimu mmoja kaja kibandani nimbadilishie kioo cha simu, akanisifia, "Fundi, mambo haya unayajua!" Na mimi mtu mwenye deni la pango, ukinisifia kidogo akili inahama. Nikamwambia teknolojia kwangu iko damuni. Kumbe ananivuta. Ijumaa njoo shuleni, anasema, uwatie moyo watoto wa klabu ya kompyuta.

Nikaazima shati la shemeji. Kola inakaba. Mfukoni nimebeba silaha yangu, Nokia 3310, toleo la mwaka 2000, mpaka leo inakaa na chaji. Nikajua hapo lazima wapige makofi. Nikaitoa, nikainyanyua juu kama kombe la ligi. Kimya. Katoto kamoja ka mbele kakanyosha mkono. "Shikamoo anko. Hiyo ni rimoti?"

Nikaona isiwe tabu, nikahamia kwenye kompyuta zao. Wana programu inaitwa Scratch, imetoka chuo cha MIT, Marekani, tangu 2007. Ya bure, na ukishaiweka kwenye mashine haili bando. Mimi kila siku nanunua bando niangalie watu wanavyoteleza kwenye tope! Mle ndani kuna paka wa rangi ya chungwa. Huandiki kitu, unaburuta vipande vya rangi, unavipachika kimoja chini ya kingine, paka anatii. Nikasema hii ndogo. Tembea hatua kumi, rudia bila kukoma, ukigonga ukingo geuka. Nikabofya bendera ya kijani. Paka huyooo! Akafika ukingoni, akageuka, akaanza kurudi kichwa chini, miguu juu.

Darasa zima linaniangalia mimi, paka hana habari. Nikaipiga laptopu kofi la kifundi. Wapi! Nikatamka kitaalamu, "Hapa kioo kimeingia maji." Nikaipindua laptopu nzima juu chini. Paka akakaa sawa, nikavuta pumzi. Akagonga ukingo wa pili, akapinduka tena. Jasho linachuruzika kwenye shati la watu.

Kale ka rimoti kakanisogeza kwa kiwiko, kwa adabu zote. "Anko, hajaharibika. Amegeuka vile ulivyomwambia. Mwambie ageukie kushoto na kulia tu, asizunguke." Kakairudisha laptopu sawa, kakaburuta kipande kimoja cha buluu. Paka akatembea wima kama bwana afya. Nikakauliza umri. Miaka tisa! Kibandani kwangu kuna kijana namfundisha kushika bisibisi, huu mwaka wa tatu.

Mwalimu akanishukuru kwa kuwahamasisha watoto. Akasema karibu kila Ijumaa, akainama kuandika. Nikavimba, najua naingizwa kitabu cha wageni. Nikachungulia. Daftari la mahudhurio, namba 43, wa mwisho. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: aje na daftari.