Namna ya Kuunguza Stroberi kwa Mbolea ya Asili

Hongera, ndugu mkulima mpya. Umekodi kipande cha shamba Limuru, umeona bei ya stroberi kwenye supamaketi za Nairobi, na umeapa kutotia kemikali hata chembe. Fuata maagizo haya na msimu hautaisha kabla hujaua kila mche.

Anza na samadi ya kuku. Ichukue ikiwa mbichi, ile inayotoa machozi ukifungua gunia. Wataalamu waoga watakwambia uirundike pamoja na majani makavu, uimwagilie, uigeuze, usubiri fukuto la nyuzi 55 na zaidi liue mbegu za magugu na vimelea. Waliosema haraka haina baraka hawakuwa na mkopo wa chama. Wewe mwaga, panda siku hiyohiyo. Mizizi ya stroberi ni mifupi, mingi hukaa katika sentimita 30 za juu, na haivumilii chumvi. Amonia na chumvi za samadi mbichi hazitapata shida kuifikia. Kingo za majani zikibabuka, ongeza samadi. Huenda ilikuwa kidogo.

Mche mkaidi ukinusurika na kuzaa, kazi iliyobaki mwachie mlaji. Tunda hili hulala karibu na udongo na huliwa bila kumenywa wala kupikwa, hivyo bakteria wa E. koli kutoka zizini hufika mezani bila kubadilisha gari. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Siku 120! Na wewe una oda ya Ijumaa.

Sasa mbolea ya vijidudu. Nunua raizobia, kwa kuwa jirani aliisifia kwenye maharagwe yake. Bakteria hao hujenga vinundu kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Kwenye stroberi watakaa kama wageni wasioandaliwa chai. Muuzaji akikutajia azotobakta, wasiohitaji vinundu, au kuvu wa maikoriza wanaousaidia mzizi kufikia fosforasi, mwambie asikuchanganye. Chupa iache juani, ichanganye na maji ya bomba yenye klorini, kisha pulizia dawa ya ukungu jioni hiyohiyo. Vijidudu ni viumbe hai. Hilo ndilo tatizo lao.

Mche uliobaki umwagie mkojo wa sungura kila wiki, bila kuuzimua. Nitrojeni itajaza majani, vikonyo vitatambaa hadi kwa jirani, na matunda machache, laini, yataota ukungu wa kijivu kabla hujafika sokoni.

Ukiwa bado unataka stroberi, muulize yule mama wa shamba la pili, aliyengoja mboji yake ioze hadi ikanukia udongo, akatandaza nyasi kavu chini ya matunda. Anauza. Bei hapunguzi.