Wapangaji wa Lita 60

Hakuna anayechagua samaki wa kufuga kwa akili. Mtu anayezunguka soko zima akiulizia bei ya fungu la nyanya, mpeleke mbele ya kioo chenye samaki wa rangi uone anavyogeuka bwege. "Yule wa bluu! Na huyu wa njano! Na wale wenye mistari, wawili!" Haulizi atakua mpaka wapi, anakula nini, wala anagombana na nani. Kwetu ni hivyo hivyo, na waliopagawa zaidi ni watu ninaowalipia ada ya shule.

Tangi letu la maji ya chumvi ni la lita 60. Ndoo kubwa tatu, basi. Ukishatoa mawe na mchanga, hata hizo tatu hazitimii. Humo ndimo familia yangu ilimotaka kuihamishia Bahari ya Hindi.

Nimewaeleza mpaka koo limekauka: tangi dogo ni nyumba ya kupanga ya Manzese. Ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Akiingia mpangaji mmoja mkorofi, wote hamlali. Tena afadhali Manzese, maana pale ukichoka unabeba godoro lako unahama usiku. Samaki atahamia wapi?

Tulipofika dukani, binti yangu alimtaka Dory, yule wa bluu wa kwenye filamu ya Nemo ya mwaka 2003. Sasa Dory ni jamaa wa kangaja, hawa hawa wanaolazwa mezani sokoni Feri. Anafika sentimita 30, na ubavuni mwa mkia ana mwiba mkali kama wembe. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60. Akishakuwa mtu mzima atageuka mara moja, na safari imeisha.

"Lakini baba, mbona huyu mdogo?"

Muuzaji, aliyekuwa akijifuta mikono kwenye fulana, akadakia: "Huyo hakui, mzee wangu. Samaki anakua kulingana na tangi."

Huo ndio uongo mkuu wa biashara hii, na unasemwa kwa uso mkavu kila mahali wanapouzwa samaki. Samaki hapimi kioo kisha akaamua aishie wapi. Ukimbana anadumaa, anaugua, anakufa, na wewe unarudi dukani kununua mwingine. Muuzaji hana haraka. Anakusubiri.

Kitinda mimba wangu akang'ang'ania kasamaki ka njano kenye madoa meusi, mwili pembe nne kama kiboksi cha kiberiti. Kazuri, sibishi. Ila kakikua kanapita sentimita 40, na kakiogopa kanatoa sumu majini inayoweza kuua tangi zima, kenyewe kakiwemo. Na nyumba yenye mtoto anayegonga kioo kuanzia alfajiri, hofu haitakosekana.

Mama watoto naye, ambaye nilimtegemea, akapenda mandarini: bluu, kijani na chungwa, kama kitenge cha harusi. Mandarini hataki chakula cha kopo. Anadonoa vijidudu hai kwenye mawe siku nzima, vidogo kiasi kwamba huvioni bila kukodoa macho. Kwenye tangi dogo na jipya anavimaliza, kisha anakonda mbele yenu mkimsifia rangi.

Tulipokuwa tunatoka muuzaji akataka kutufungia nyongeza: mweusi mwenye madoa matatu meupe. "Chukueni wa kuanzia, huyu hafi." Ni kweli, hafi. Wanaokufa ni wenzake. Akishazoea anajipa umiliki wa tangi zima, na kila anayeingia baada yake anafukuzwa mpaka mapezi yanachanika.

Tulitoka mikono mitupu, nikanuniwa njia nzima. Hata hivyo tangi lenyewe halikuwa tayari. Maji mapya lazima yakae wiki nne mpaka sita, bakteria wazaliane wa kuigeuza amonia ya uchafu kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina makali hayo. Muda wote huo unatazama mawe. Wageni wanaingia, wanatazama mawe nao, wanauliza kwa adabu kama samaki wamejificha. Shemeji yangu akaona anisaidie: twende Mbudya na ndoo, samaki si wapo bure? Nikamwambia Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari, hakuna kuvua. Akaniangalia kama mtu niliyesomea ubahili.

Halafu kuna joto. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na ukurasa wa kwanza tu wanakuambia ununue hita. Hita, Dar es Salaam, mwezi wa Februari! Sisi shida yetu ni kuyazuia maji yasipite nyuzi 27. Kwa hiyo feni ya mezani, ambayo zamani ilikuwa ya baba, sasa inapuliza tangi. Maji yanapungua kwa kukauka, lakini chumvi haikauki, inabaki; ndiyo maana tunaongezea maji baridi, yasiyo na chumvi. Mama mkwe alipoona hivyo alishika kiuno: "Samaki wa bahari mnampa maji ya kisima?" Nilieleza. Hakuamini, na mimi si wa kubishana na mama mkwe.

Wanaofaa tangi la namna hii wapo, tatizo hawashangiliwi dukani. Akina Nemo wadogo wawili wanatosha, na usipoteze muda kuuliza yupi jike: wote huzaliwa wakiwa madume, kisha mkubwa anageuka jike na kushika nyumba. Kinachoniuma ni kwamba Nemo wa dukani kwa asili si wa bahari yetu, ni wa pande za Indonesia na kuendelea. Wa kwetu wapo, wenye sura zao, ila hawajachezewa filamu.

Wa tatu ni gobi mdogo, pamoja na kamba wake mwenye gando moja kubwa linaloalika "ta!" usiku. Kamba haoni vizuri. Kutwa anachimba, anasukuma mchanga nje, na muda wote ameegesha sharubu moja mgongoni mwa gobi aliyekaa mlangoni. Gobi akitikisa mkia, wote wawili ndani! Wapangaji wengine wangekuwa hivi nisingeandika safu hii. Tangi limefunikwa wavu, maana wengi wa hawa wadogo ni warukaji, na sitaki kuokota mtu nyuma ya televisheni.

Hao watatu na kamba wao, nyumba imejaa. Ndugu na marafiki mnaotaka kutuzawadia samaki mwingine, mleteni akiwa amekaangwa, na ndimu yake.