Wakamata Panya Nao Wanaomba Bendera

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,
HBO,
New York, Marekani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA UPANDE WA TATU KATIKA VITA YA MAJOKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa kazi nzuri. Tarehe 21 Machi 2024 ofisi yako ilitoa vionjo viwili kwa mpigo vya msimu wa pili wa tamthilia ya House of the Dragon, kimoja cha Kijani na kingine cha Nyeusi, mkatuagiza sote tuchague. Hamkusema tafadhali. Hamkuweka hata kisanduku cha wasioamua. Tukatii. Watu wazima wenye mikopo ya benki na dawa za presha walibadilisha picha zao za WhatsApp, huyu akaweka kitambaa cha kijani, yule cheusi, na mashemeji waliokuwa wakikopeshana pikipiki wakaanza kusalimiana kwa kichwa tu. Huku Tanzania uaminifu huo una gharama ya ziada. Ukitangaza mbele za watu kwamba wewe ni wa Kijani, wa kwanza atakuuliza Yanga wametoka ngapi ngapi na wa pili atakuomba kadi ya chama. Tulivumilia.

Ilipofika Juni mkapandisha joka la kujazwa upepo juu ya jengo la Empire State. Joka lenyewe lilikuwa Vhagar, ambalo kila mtu anajua ni mali ya Kijani. Upande wa pili ulilalamikia upendeleo, na kwa mara ya kwanza katika historia jengo refu la New York likawa na msimamo kuhusu mirathi ya familia ya Targaryen.

Mirathi yenyewe, kwa faida ya watendaji wako ambao huenda wameuza bidhaa bila kuionja, si ngumu. Mfalme Viserys alimtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, mabwana wakapiga magoti wakaapa. Baadaye akamwoa Alicent Hightower, rafiki wa binti huyo huyo, wakazaa Aegon, mtoto wa kiume. Viserys akafa. Nyeusi wanasema kiapo ni kiapo. Kijani wanasema mila ni mila, na wanakumbusha Baraza Kuu la Harrenhal, mwaka 101 wa kalenda yao, ambako mabwana zaidi ya elfu moja walimpa Viserys kiti wakamruka Rhaenys kwa kuwa ni mwanamke. Yaani mfalme aliyepata kiti kwa sababu wanawake hawarithi ndiye aliyeamua kumrithisha mwanamke. Hapo tu mwanasheria yeyote wa mirathi angefunga jalada akaenda kunywa chai. Mashabiki ndiyo kwanza walikuwa wanapasha misuli.

Nikuoneshe jinsi mjadala unavyokwenda, maana sidhani kama ofisi yako huwa inabaki hadi mwisho. Mwambie wa Kijani kwamba Aemond, mdogo wake Aegon, alimfuata Lucerys, mtoto wa Rhaenyra, angani huko kwenye ngome ya Storm's End, na Vhagar ikamtafuna yeye na joka lake. Hatakujibu habari ya Storm's End. Atakurudisha kisiwa cha Driftmark, usiku ambao Lucerys alimkata Aemond jicho kwa kisu. Sawa. Mpeleke sasa wa Nyeusi Driftmark. Naye hatakaa hapo. Atakurudisha saa chache nyuma, kwa kuwa Aemond alipata kuwa na kisa cha kukatwa jicho baada ya kutoroka kitandani na kupanda joka ambalo mpandaji wake, Laena, alikuwa amezikwa baharini siku ile ile, na watoto wa marehemu wako palepale wanalia. Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo kaka yake na wapwa zake walimchokoza kwa kuwa hana joka. Na kabla ya hapo? Kila upande una historia ndefu sana, na kila historia inaanza siku ambayo upande huo ulionewa.

Tukio la Driftmark nalipenda kwa sababu moja. Alicent anadai jicho kwa jicho, mfalme anakataa, mama anachomoa kisu cha mumewe na kumvamia mwenzake mbele ya ukoo mzima. Damu inatoka mkononi mwa Rhaenyra. Anayekuja kutuliza hali ni mtoto mwenyewe, uso umeshonwa na unavuja, anamwambia mama yake asiomboleze: jicho limetoka, joka limeingia, biashara ni halali. Mwenye jicho alifunga hesabu usiku ule, walau kwa maneno. Mashabiki hawajafunga hadi leo.

Wakikwama, hukimbilia kitabu. Hapo George R. R. Martin kawachezea mchezo mzuri. Fire & Blood, kilichotoka 2018, kimeandikwa kama kazi ya mwanahistoria wa ndani ya hadithi anayepima mashahidi wasioaminika. Mmoja ni kasisi Eustace anayewapendelea Kijani, mwingine ni Mushroom, mchekeshaji wa ikulu anayewapendelea Nyeusi, na ambaye kila tukio la kitaifa kwake linaishia chumbani. Mwandishi ameacha makusudi ukweli usijulikane. Shabiki anachukua kurasa hizo hizo na kuzisoma kama Gazeti la Serikali. Nimeshuhudia mtu msomi, mwenye shahada, akitoa ushahidi wa Mushroom kwa sauti ya mtu anayenukuu katiba. Martin naye hakusalimika na homa hii. Septemba 2024 aliandika hadharani kulalamika kwamba tamthilia imemwondoa mtoto mmoja wa Aegon, Maelor, na kuonya madhara yake kwa misimu inayofuata, kisha andiko likaondolewa. Mwenye shamba kaingia shambani kugombana na wapalizi.

Sasa nije kwenye ombi.

Katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza Aegon anatawazwa ndani ya Dragonpit, jumba la majoka. Walalahoi wa mji mkuu, King's Landing, hawakualikwa. Askari waliwaswaga mitaani hadi ndani. Wanasimama wamebanana, hawajui wamekuja kusikia nini. Wanaambiwa mfalme ni huyu. Wanatazamana, mmoja anapiga makofi, wengine wanafuata, kijana wa watu anainua upanga na kugundua kwamba kumbe kushangiliwa ni kutamu. Mara sakafu inapasuka. Rhaenys, yule yule aliyerukwa Harrenhal, anatokea chini ya miguu yao akiwa juu ya joka lake Meleys. Watu wanapaa na mawe. Waliobaki wanafagiwa na mkia. Vumbi linapotulia joka liko uso kwa uso na familia ya kifalme, Alicent amesimama mbele ya mwanawe, na Rhaenys anaweza kumaliza vita kwa neno moja. Halisemi. Anageuza joka na kwenda zake.

Swali lililowakesha mashabiki lilikuwa moja tu: kwa nini hakuwachoma? Kijani wakasema aliogopa. Nyeusi wakasema ni huruma, ndiyo tofauti kati ya watu wetu na wale. Huruma! Mama ametoka kuwaponda raia ambao kosa lao lilikuwa kusukumwa kwenye sherehe, na tukasifu roho yake nzuri kwa kuwa amewaacha hai wenye nguo nzuri. Hakuna aliyeuliza idadi ya waliofia kwenye sakafu ile. Hata tamthilia yenyewe haikuhesabu.

Halafu wakaja wakamata panya.

Msimu wa pili unaanza na kisasi cha Lucerys. Daemon, mume wa Rhaenyra, analipa watu wawili wakamuue Aemond ikulu, askari mmoja na mkamata panya mmoja anayezijua njia za chini. Hawampati. Wanamchinja kitandani Jaehaerys, mtoto mdogo wa Aegon. Askari anakamatwa, anakiri kuwa mwenzake ni mkamata panya, jina halijui. Mfalme anatafakari suala hili kwa kina kama walivyo viongozi wengi wenye uchungu na haraka, na anaamuru wanyongwe wakamata panya wote. Asubuhi wananing'inia ukutani safu nzima, wake zao chini wanapiga mayowe, na mbwa wa yule mhalifu wa kweli, ambaye tulimwona akipigwa teke na bwana wake usiku wa tukio, ameketi anatazama juu. Otto Hightower, babu wa mfalme na Mkono wa Mfalme, yaani waziri wake mkuu, anamfokea mjukuu kwamba huo ni upumbavu. Anafukuzwa kazi.

Nilisubiri mashabiki walie. Kijani walisema baba aliyefiwa hahojiwi. Nyeusi walisema mnaona mfalme wenu. Wakarudi kwenye jicho.

Hawa Nyeusi nao wasinitazame kwa kiburi. Meli za Corlys Velaryon, mtu wao, ndizo zilizofunga bahari hadi mji ukakosa chakula. Watu waliposhinda na njaa vya kutosha, Rhaenyra akawapelekea mashua za chakula usiku, zimepambwa bendera yake. Sisi tunaoisoma barua hii kwa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa chakula chenye bendera huja msimu gani.

Ajabu ni kwamba waandishi wenu wanayajua yote haya. Sehemu ya tatu ya msimu wa pili inafunguka na vijana wa koo za Bracken na Blackwood wanatukanana mpakani kuhusu jiwe lililosogezwa. Wako wachache, wengine ndevu hazijaota. Mmoja anataja mfalme, mwingine malkia, upanga unatoka nusu. Kamera inakata. Tunachoona kingine ni kinu kinawaka moto na uwanja umejaa maiti hadi upeo wa macho, na vita yenyewe hatukuoneshwa kwa sababu hakukuwa na cha kuonesha. Ni dakika chache tu, na ni maelezo kamili ya kila mjadala ambao idara yako imeusababisha. Je, ninyi na waandishi mnakutana? Huku wanatengeneza tamthilia ya kusema kwamba kuchagua upande hapa ni wazimu, huku mnauza fulana za pande.

Mapacha Cargyll je? Arryk wa Kijani anatumwa kisiwani Dragonstone, makao ya Rhaenyra, kumuua malkia huyo akijifanya ndiye Erryk, ndugu yake wa Nyeusi. Wanapigana chumbani mwa malkia, na walinzi wanashindwa kusaidia kwa kuwa hawajui wampige yupi. Erryk anashinda, kisha anajiangukia upanga wake mwenyewe. Nyuso mbili zile zile, damu ile ile, na bado kuna watu waliobishana siku ya pili kwamba sisi tumeshinda.

Hata hivyo nakiri kwamba tarehe 4 Agosti 2024 mliunganisha taifa. Msimu ulikuwa na sehemu nane badala ya kumi za msimu wa kwanza, na ya nane ikatuonesha majeshi yakitembea, meli zikisafiri, majoka yakiruka, kisha pazia. Kwa wanaotazama sambamba na Marekani ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu hapa Afrika Mashariki, watu wameamka na chupa ya chai wakisubiri vita. Kijani na Nyeusi walitukana kwa pamoja, kwa upendo, bega kwa bega, hadi muda wa daladala.

Lakini ni katika sehemu hiyo hiyo ndipo Alicent alipovuka bahari peke yake hadi Dragonstone. Hana askari wala joka. Anaketi na Rhaenyra, wanaongea kama wasichana waliokua pamoja, na anakubali kufungua milango ya mji. Mwenzake anataja bei: kichwa cha Aegon. Mama anameza mate, na anakubali. Yaani kiongozi wa Kijani ameuza Kijani, mwanawe akiwa ndani, katika mazungumzo ya faragha yasiyofika muda wa kuchemsha maharage, wakati shabiki wake huko Mbeya hajaongea na dada yake tangu Juni.

Kwa hiyo tunaomba, kabla kampeni zijazo hazijapamba moto, mtutengenezee upande wa tatu. Rangi yoyote inafaa, hata ya gunia. Kionjo chake kisiwe na joka hata moja: mkamata panya anatoka kazini jioni, ana mtego begani na mbwa nyuma, ananunua mkate kwa bei ya jana, anafika kwake yu hai. Mkiona ni kifupi mno, mwongezee ugomvi mdogo na mkewe. Ilani yetu haina makuu. Tunataka wenye ukoo wakae kikao cha familia, wagawane visiwa, na atakayekosa kiti apewe ubalozi ng'ambo ya bahari, huko Essos. Hatuna madai ya kisheria kuhusu Baraza la Harrenhal. Jicho la Aemond tunalisikitikia, na hatutalijadili.

Mkiona hamuwezi, basi angalau joka lijalo la Empire State liwe na watu chini yake, wa kujazwa upepo pia, wakikimbia, ili wapita njia wajue wanachagua baina ya nini na nini.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mtazamaji asiye na joka

Nakala:
Ser Criston Cole, Mkono mpya wa Mfalme, kwa taarifa
Mushroom, kwa kutia chumvi
Panya wa ikulu ya Red Keep, kwa utekelezaji