Kumbe Meneja Siyo Benki

Jamani, mimi ni Mkurya. Jandoni nilisimama mbele ya ukoo mzima, sikupepesa jicho. Dume la ng'ombe likichachamaa, naitwa mimi. Halafu anakuja kijana mwembamba kutoka Mwanza, suti nyeusi, begi la kuburuta, anasema tu "wakili wa mjibu maombi", magoti yangu yanaisha. Hii ni haki kweli?

Chanzo ni mkopo. Benki fulani ilinipa hela ya mashine ya kusaga, nyumba ikawa dhamana. Mashine wiki hii inasaga, wiki ijayo inamsubiri fundi. Umeme nao na mambo yake. Marejesho yakayumba. Najipanga, najipanga, mara nasikia gari la matangazo mtaani. Dalali anataja namba ya kiwanja changu kwa spika! Anaisifia nyumba yangu kuliko nilivyowahi kuisifia mwenyewe. Bati zuri, sijui kisima, sijui ipo karibu na barabara. Jioni jirani yangu, mtu ambaye jembe langu liko kwake mpaka leo, akaja kunipa pole. Pole yenyewe ikawa fupi. Akaniuliza kama paa linavuja.

Nikampigia shemeji yangu wa Serengeti. Huyu anaishi kule vijiji vya Mugumu vinavyopakana na hifadhi. Tembo walimmalizia mahindi shambani, akahangaika na mafomu weee, mpaka serikali ikamlipa kifuta jasho. Toka siku hiyo ndiye mwanasheria wa ukoo. "Shemeji, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka upewe notisi ya siku 60 kabla nyumba haijaguswa. Na sheria nyingine inataka mnada utangazwe siku 14 kabla. Ulipewa notisi?"

Mimi nilichopewa na benki ni kalenda.

"Basi umeshashinda! Nenda kasimame mwenyewe." Yeye yuko Mugumu anakunywa uji. Wa kusimama ni mimi. Wakili wa kumlipa niliulizia bei, nikaaga kwa heshima.

Shauri likafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapa Tarime. Nami kusikia baraza, nikajua ni kama ritongo: wazee chini ya mti, kila mtu anafoka kidogo, mambo yanaisha. Wapi! Ile ni mahakama kamili, ndugu yangu. Meza ya juu, Mwenyekiti, wazee wa baraza wawili pembeni wanakuangalia kama wanakudai na wao.

Usingizi ukahama. Saa nane usiku macho kodo, moyo unadunda, tumbo linaunguruma lenyewe. Kila mtu ana dawa. Kunywa mtindi. Vuta pumzi ndefu uhesabu. Nikavuta, nikahesabu, nikafika kwenye deni. Mke wangu ndiye aliyeniambia neno la maana: "Baba Chacha, si uende ukae nyuma usikilize kesi za wenzio?" Kumbe inaruhusiwa, mlango uko wazi. Nikaenda. Nikamkuta mama mmoja anagombea mpaka wa shamba, hana wakili, karatasi zake ziko kwenye mfuko wa rambo. Kila wakili akimwaga maneno yake, mama anasema taratibu: "Mheshimiwa, hapo sijaelewa, naomba unieleweshe." Na anaeleweshwa! Nikaikariri sentensi hiyo kama namba ya siri. Usiku ule nikalala kidogo.

Siku yangu ikafika. Shemeji kaniagiza niandike "siku 60" kiganjani. Mwenyekiti akaingia, binti wa umri wa mwanangu wa pili, watu wote wima. Mdomo wangu ukatoka wenyewe: "Shikamoo Mheshimiwa!" Kwa sauti. Kimya. Karani akanong'ona, "Mzee, hapa hatuamkiani."

Wakili akasimama. Ana pingamizi la awali. Tangu 2021 sheria imesema lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili, nilishangilia sana, sasa ona. Anasema mwombaji amemshtaki Meneja wa Tawi. Meneja ni mwajiriwa tu. Tawi nalo si mtu kisheria. Aliyetoa mkopo ni kampuni iliyosajiliwa, nayo haimo kwenye shauri. Kwa hiyo shauri lifutwe. Aliongea kwa adabu mno, nikadhani ananisaidia. Mimi benki naijua kwa sura ya meneja, ndiye aliyenipa kalenda! Ningejuaje mwenyewe hasa yuko Dar es Salaam?

"Mwombaji, unasemaje?"

Nikachungulia kiganja. Jasho limekula wino, imebaki sifuri. Nikakumbuka Bunge kwenye redio.

"Mheshimiwa, naunga mkono hoja."

Mzee mmoja wa baraza akajifunika uso kwa faili. Mwenyekiti akavua miwani. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimeomba kesi yangu mwenyewe ifutwe. Hapo ndipo nikamkumbuka yule mama wa rambo. "Mheshimiwa, hapo sijaelewa, naomba unieleweshe." Nikaeleweshwa: naweza kuomba kurekebisha maombi, niiweke benki kwa jina lake la usajili. Nikaomba hapohapo, bila kuvuta pumzi wala kuhesabu. Ikakubaliwa. Wakili akasema hana tatizo, ila alipwe gharama za kuja. Yaani nimeshindwa marejesho, nimlipie na nauli ya Mwanza!

Nje boda wangu alikuwa ameshasikia. "Mura, umeunga mkono nyumba yako iuzwe?"

Tumepangiwa tarehe nyingine. Zuio la muda lipo, nyumba haijauzwa, tumbo bado. Juzi nimeambiwa kuna wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na asiye na uwezo anasaidiwa bure. Shemeji hakuwahi kuwataja, nadhani anaogopa ushindani. Kama unamfahamu mmoja hapa Tarime, mwelekeze kwangu. Siku ya shauri napatikana barazani, benchi la mwisho, lile lililo karibu na choo.