Mwongozo kwa Mstaafu wa Jeshi Aendaye Kliniki na Mjukuu

Mwongozo huu ni wa mstaafu wa jeshi mkazi wa Kampala aliyeandikiwa siku ya kliniki ya jeshi, iwe kilimani Mbuya au kule Bombo, na nyumbani hana mtu mzima mwingine wa kumwachia mjukuu. Unamfaa aliyepunguzwa katika ule mpango ulioanza 1992 na kuwarudisha uraiani askari zaidi ya 30,000, na unamfaa aliyestaafu juzi. Wenye mke nyumbani waendelee na chai yao. Hospitali zilipangwa kwa kuwafikiria wao.

Karani atauliza mama wa mtoto yuko wapi. Jibu Riyadh, basi. Usimweleze kwamba binti yako yuko huko kwa mkataba wa miaka miwili akibembeleza watoto wa watu, na kwamba pesa hiyo ndiyo inayolipa ada ya wake. Walio nyuma yako kwenye laini nao wana mabinti Riyadh, Muscat na Dubai, na mkianza habari hiyo jua litawakuta hapo hapo. Miaka ya tisini jibu lilikuwa fupi zaidi: kafa. Mwaka 1986, kwenye mkutano wa Harare, Fidel Castro alimnong'oneza Museveni kwamba kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 wamekutwa na virusi vya UKIMWI. Tangu hapo nyumba nyingi za askari zikabaki na babu na wajukuu, katikati hakuna mtu. Kwa hiyo mzee anayelea si jambo geni kambini. Ni geni kwenye fomu tu.

Sasa mavazi. Ile suruali ya madoadoa uliyomnunulia mjukuu soko la Owino iache nyumbani, hata kama ina picha ya dubu mfukoni. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza rasmi orodha ya mavazi ya jeshi ambayo raia haruhusiwi kuyavaa, bereti nyekundu ikiwemo, na sijasikia askari wa getini akiuliza kwanza raia huyo ana miaka mingapi. Bastola ya plastiki nayo ibaki chini ya kitanda.

Taksi ya Bombo ina leseni ya abiria 14, na mtoto wa kupakatwa hahesabiwi. Umri wa kupakatwa huamuliwa na konda kwa macho, na asubuhi macho yake ni makali. Kama una mguu wa bandia, mkalishe mtoto kwenye mguu huo, haufi ganzi. Ukipanda boda, mtoto akae katikati na gongo alishike yeye, wima, kama mshika bendera wa gwaride.

Ukifika kwenye benchi, tafuta jirani kabla ya kutafuta kivuli. Choo kiko mbali na namba haisubiri. Jirani bora ni mama aliyekuja na mtoto wake: atakuangalizia wako, kisha akiitwa atakuachia wake, na kabla ya saa nne utajikuta na watoto watatu, jina unalijua la mmoja. Ukisikia sauti ndogo ikiita "Jajja!", yaani babu, usigeuke haraka. Benchi zima limegeuka.

Mwepuke mzee anayesema aliingia jeshini akiwa na miaka kumi. Anasema kweli. Alikuwa kadogo. Vita vya Luwero vilipowaacha watoto bila watu, NRA, jeshi la msituni la Museveni, iliwachukua, ikawalisha na kuwavisha magwanda yaliyowafika magotini, na siku ile ya 26 Januari 1986 Kampala iliwaona mitaani na bunduki zinazowashinda urefu. Atamsimulia mjukuu wako yote hayo, na mjukuu atakataa kurudi nyumbani. Wewe nawe usije ukauliza kwa sauti inakuwaje jeshi lililoweza kutembea na watoto msituni chini ya mabomu likose pa kumkalisha mmoja kwa saa mbili karibu na dirisha la dawa. Ni swali zuri, ila unaweza kupoteza nalo namba yako.

Hatari yenyewe iko chumbani kwa daktari. Daktari ni kijana mwenye nyota begani. Atakuita mzee, utamwita afande, na mtoto atakuwa amekaa gotini kwako kwa kuwa hakuna pengine. Atakuuliza kama unalala. Utamwambia nalala vizuri, afande. Mtoto atasema: "Jajja hupiga kelele usiku. Anasema lala chini, lala chini." Daktari atamtazama. "Nawe hufanya nini?" "Nalala chini. Halafu namletea maji."

Hapo daktari ataandika mambo ambayo wewe usingeyasema kwa miaka, na labda ni heri. Lakini yapo mengine ambayo hayatasemwa siku hiyo, maana aliyetoka Mogadishu, ambako Uganda ilianza kupeleka vikosi Machi 2007, hawezi kueleza alichokiona huku kiatu cha mtoto kikimgonga goti. Vivyo hivyo ukiulizwa juu ya vile vidonge vya kila siku, au nani mwingine nyumbani amepimwa. Wazee wengine hudhani watajificha kwenye Kiswahili, kwamba mtoto wa Kampala anajua Luganda na Kiingereza cha shule tu. Mjukuu aliyelelewa na askari anajua Kiswahili chote, na alianza na matusi.

Utaambiwa Marekani wana sheria. Ni kweli. Januari 2021 ilitiwa saini sheria inayotaka hospitali za wastaafu wa jeshi zigharimie malezi ya mtoto wakati mzazi yuko kwa daktari, baada ya majaribio ya miaka kadhaa kwenye vituo vichache. Sehemu hiyo ya sheria ina jina la Deborah Sampson, mwanamke aliyevaa kiume ili apigane vita vya uhuru wao. Kwa maoni yangu sisi hatuhitaji jengo la kulelea watoto. Mkeka, maji ya kunywa, na askari mmoja kati ya wale wanaolinda nyasi, basi. Ila hilo halimo katika uwezo wa mwongozo.

Usiondoke na tarehe ya kurudi kabla ya kuitazama kalenda ya shule. Desemba na Januari shule zimefungwa, na aliyekuja na mmoja atakuja na wanne. Omba Februari. Karani atakujibu kwamba dawa zako zinaisha Desemba, na hapo ana haki. Basi kubali, na ujipange: mkubwa ashike namba, wa pili amshike mdogo, wa tatu ashike gongo, wewe ushike faili. Rolex za getini, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, nunua sita. Nne zao, moja yako, na ya sita mpe jirani wa benchi kabla hujamwomba chochote.